Mimbari, Mlango wa Kliniki na Sheria: Muumini Azungumzeje Kuhusu Utoaji Mimba

Katikati ya mwaka 2010 Kenya iligawanyika kwa rangi mbili. Kijani ilikuwa ya walioikubali rasimu ya Katiba, nyekundu ya walioikataa. Viongozi wa makanisa mengi walisimama upande wa nyekundu, bega kwa bega na wanasiasa walioongozwa na William Ruto, wakati huo waziri. Makanisa yalilalamikia mambo makubwa mawili: kutambuliwa kwa Mahakama za Kadhi ndani ya Katiba, na Ibara ya 26 inayogusa utoaji mimba. Tarehe 13 Juni, milipuko ilitokea katika mkutano wa maombi wa kambi ya "hapana" pale Uhuru Park, Nairobi. Watu kadhaa wakauawa, makumi wakajeruhiwa. Kampeni haikukoma. Tarehe 4 Agosti wananchi wakapiga kura, na takriban asilimia 67 wakasema ndiyo.

Makanisa yalishindwa kwenye sanduku, lakini hayakunyamazishwa. Kisa hicho kinafaa kutangulizwa kwa sababu siku hizi waumini wengi, Wakristo kwa Waislamu, huamini mambo mawili yasiyo kweli. Wako wanaodhani kwamba dini inawapa ruhusa ya kusema lolote, mahali popote, kwa mtu yeyote. Wako pia wanaodhani kwamba sheria imekwisha kuwafunga mdomo, kwa hiyo heri wakae kimya. Makala haya yanawahusu wote wawili. Muumini ana haki pana ya kusema na taifa, na bunge, na mahakama, na waumini wenzake. Asichokuwa nacho ni haki ya kumzingira mwanamke mmoja njiani, wala ya kulitangaza jina lake.

Hatua ya kwanza ni kuisoma sheria yenyewe, maana mahubiri mengi huipotosha bila kukusudia. Ibara ya 26 ya Katiba ya Kenya inasema uhai wa mtu huanza pale mimba inapotungwa. Ibara hiyo hiyo inasema utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Chini yake ipo Kanuni ya Adhabu, iliyorithiwa kutoka enzi za mkoloni. Kifungu cha 158 kinampa hadi miaka 14 anayetoa mimba ya mwingine kinyume cha sheria, cha 159 hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na cha 160 hadi miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa. Kwa hiyo mhubiri anayesema "Kenya imehalalisha kutoa mimba" amekosea, na anayesema "Kenya imekataza kabisa" amekosea vile vile.

Mpaka huo umepimwa mahakamani kwa uchungu mwingi. Juni 2019, majaji watano wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na shirika la mawakili wanawake, FIDA-Kenya, na wenzake. Kiini chake kilikuwa msichana aliyetajwa kwa herufi JMM tu. Alibakwa akiwa bado mtoto, akatolewa mimba kwa njia isiyo salama, figo zake zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki. Mahakama ilisema Wizara ya Afya ilikosea ilipouondoa mwongozo wa mwaka 2012 uliowaelekeza wahudumu namna ya kupunguza vifo vya aina hiyo, na ikaamuru mama yake alipwe shilingi milioni 3. Ilisema pia kwamba mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kutolewa ikiwa, kwa maoni ya mhudumu aliyefunzwa, inahatarisha uhai au afya ya mama.

Katika kesi hiyo waumini hawakuwa watazamaji. Miongoni mwa waliojiunga kama wahusika wenye maslahi ni East Africa Center for Law and Justice, asasi ya wanasheria wenye msimamo wa Kikristo, iliyopinga maombi ya FIDA mbele ya majaji hao watano. Hawakupata walichotaka. Hata hivyo walisikilizwa kwa hoja na hati, na majina yao yamo kwenye kumbukumbu za mahakama. Muumini anayedhani sauti yake haina pa kwenda aijue njia hiyo: kujiunga na shauri, kupeleka ombi bungeni, kutoa maoni muswada unapopelekwa kwa wananchi. Ibara ya 118 inalitaka bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria, na sheikh au mchungaji ni mwananchi.

Uhuru wa kusema wenyewe umeandikwa mahali pawili. Ibara ya 32 inalinda dhamiri, dini, imani na maoni, pamoja na haki ya kuidhihirisha imani hadharani kwa ibada, mafundisho na matendo. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza, kisha inataja visivyolindwa: propaganda za vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki na uenezaji wa chuki. Inaongeza kwamba anayetumia uhuru huo lazima aheshimu haki na heshima ya wengine. Kusema mbele ya watu elfu kwamba kutoa mimba ni dhambi kubwa kumo ndani ya Ibara hizo. Kusema kwamba kliniki fulani ichomwe moto kumo nje, hata kama aliyesema amevaa kanzu au kola nyeupe.

Hapo ndipo penye ugumu, na inafaa kutazama nchi nyingine zilikopita.

Tarehe 30 Desemba 1994, mtu mmoja aliingia katika kliniki mbili za mji wa Brookline, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, akawaua kwa risasi wanawake wawili waliokuwa wakipokea wageni. Jimbo likatunga sheria ya kuwaweka watu mbali na milango ya kliniki, na mwaka 2007 likaikaza: hakuna kusimama ndani ya futi 35, yaani karibu mita 11, kutoka mlangoni. Bibi mmoja aliyepita umri wa miaka 70, Eleanor McCullen, alikuwa na desturi ya kusimama nje na kuzungumza taratibu na wanawake, akiwaeleza msaada uliopo kwa mwenye kutaka kuendelea na mimba. Sheria ikamfukuza pamoja na wapiga kelele. Alishtaki, na tarehe 26 Juni 2014 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaifuta sheria hiyo. Walisema njia ya waendao kwa miguu ni mahali pa kale pa watu kusema na watu, na jimbo lilipaswa kwanza kuwabana wanaozuia milango na kutisha, kabla ya kumfungia mdomo anayeongea kwa upole.

Uingereza imekwenda njia nyingine kabisa, na Mswahili anayeishi Birmingham, Leicester au London inampasa aijue vizuri. Tangu tarehe 31 Oktoba 2024, kifungu cha 9 cha Sheria ya Utulivu wa Umma ya mwaka 2023 kinatumika Uingereza na Wales. Ndani ya mita 150 kutoka kliniki inayotoa huduma ya kutoa mimba, ni kosa kufanya jambo lolote kwa makusudi au kwa uzembe linaloshawishi uamuzi wa mtu kuhusu huduma hiyo, linalomzuia njia, au linalomletea bughudha, hofu au fadhaa. Adhabu ni faini isiyo na kikomo. Scotland iliweka mita 200 kuanzia tarehe 24 Septemba 2024, na sheria yake inagusa hata nyumba za watu zilizo ndani ya eneo hilo: bango dirishani linaloonekana na anayekwenda kliniki linaweza kuwa kosa.

Hata kabla ya sheria hiyo ya nchi nzima, halmashauri za miji zilikuwa na amri zao. Novemba 2022, mwanajeshi wa zamani aliinamisha kichwa karibu na kliniki moja ya Bournemouth. Alipoulizwa, alisema anamwombea mwanawe, ambaye mimba yake ilitolewa miaka 22 nyuma. Oktoba 2024 alitiwa hatiani, akaachiliwa kwa masharti ya miaka miwili na kuamriwa kulipa gharama za pauni 9,000. Huko Birmingham, mwanamke aliyekamatwa kwa kuomba kimya karibu na kliniki iliyofungwa siku hiyo aliachiwa na mahakama, na mwaka 2024 polisi wakamlipa pauni 13,000.

Ni vigumu kukubali kwamba sala isiyosikika ya baba aliyepoteza mtoto ni kosa la kuhukumiwa, na mwandishi wa makala haya hakubali. Sheria inayoanza kuuliza mtu anawaza nini imevuka mpaka. Lakini ni vigumu vile vile kumwambia mwanamke ambaye daktari amemweleza kwamba kijusi hakitaishi, apite kwanza katikati ya mabango yenye picha za damu. Wabunge wa London walimtazama huyo wa pili. Kwa anayeishi huko ushauri ni mfupi: sala ifanyike msikitini, kanisani au nyumbani, bango liende kwenye uwanja wa bunge, na mita zipimwe kabla ya kusimama.

Kenya haina sheria ya umbali namna hiyo. Kutokuwepo kwake si ruhusa ya kufanya chochote. Ibara ya 31 inalinda faragha ya kila mtu, pamoja na habari za familia na mambo yake binafsi kutofichuliwa pasipo sababu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mambo haya yanapuuzwa kila siku kwenye simu. Mtu anapiga picha mlangoni pa kliniki, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, anaandika "tumwombee binti wa fulani". Kwa macho ya mwenye kutuma, hiyo ni huruma. Kwa binti huyo inaweza kuwa mwisho wa masomo, ndoa, hata maisha. Tena huenda alikwenda kupimwa malaria, au mimba yake iliharibika yenyewe. Maombi ya kweli hayahitaji jina lake.

Ndivyo ilivyo kwa majina ya madaktari. Mei 2004, mabaki ya vijusi 15 yalikutwa yametupwa jijini Nairobi. Hasira ilifurika nchini, na kwenye ibada jambo hilo likazungumzwa kwa ukali. Daktari mmoja na wauguzi wawili walikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Walikaa gerezani takriban mwaka mzima wakisubiri, na mwaka 2005 mahakama ikawaachia huru. Kwa wengi, jina la daktari lilikuwa limekwisha hukumiwa siku ya kwanza ya habari. Ni kweli kwamba Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta kosa la jinai la kashfa, lakini mtu aliyechafuliwa jina bado anaweza kudai fidia kwa kesi ya madai, na kanisa au msikiti unaweza kujikuta mbele ya hakimu. Mhubiri ataje sera, ataje kifungu, ataje idadi. Jina la mtu aliachie mahakama.

Na hizo idadi nazo ziwe za kweli. Utafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na kituo cha utafiti cha APHRC ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba zipatazo 464,000 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa kwa madhara yake. Takwimu hizo peke yake zinatosha kumtoa machozi muumini yeyote. Hazihitaji kuongezewa chumvi. Kuna dai linalorudiwa sana kwenye semina za vijana, kwamba kutoa mimba husababisha saratani ya matiti. Mwaka 2003 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwakutanisha wataalamu zaidi ya 100 kulichunguza, wakahitimisha kwamba hakuna uhusiano huo. Kijana akigundua kwamba ameambiwa uongo juu ya saratani, atauliza ni lipi jingine alilodanganywa, na hapo hata neno la kweli litakosa pa kukaa.

Mwenye kusema kwa jina la dini aijue pia dini yake kwa kina. Katika fiqhi ya Kiislamu, wanazuoni wameijadili kwa karne nyingi hadithi ya roho kupulizwa baada ya siku 120. Wamaliki wamekuwa wakali tangu mwanzo wa mimba, baadhi ya Wahanafi wakaruhusu kabla ya muda huo kwa sababu nzito, na ndani ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani ya Afrika Mashariki, zimo kauli zaidi ya moja. Wanazuoni wamepokea kwa upana kwamba uhai wa mama ukiwa hatarini hukumu hubadilika. Kwa Wakatoliki, mafundisho juu ya dhambi hii hayana utata. Hata hivyo Novemba 2016 Papa Fransisko alithibitisha kwamba kila padre anaweza kumwondolea dhambi hiyo anayetubu, bila kungoja idhini ya askofu. Ni mahubiri mangapi juu ya utoaji mimba yanayoutaja mlango huo wa msamaha? Katika ibada yenye wanawake 200, ni karibu hakika kwamba yumo aliyepitia jambo hili na hajawahi kumwambia mtu. Huyo ndiye msikilizaji wa kwanza, na maneno yapimwe kwa sikio lake.

Kuna muumini mwingine anayesahauliwa: muuguzi, mkunga, afisa wa kliniki. Ibara ya 32 inasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Anaweza kukataa kushiriki, na inafaa aliseme hilo kwa maandishi kwa mkuu wake mapema, si usiku wa zamu mgonjwa akiwa kitandani. Lakini Ibara ya 43 inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwanamke anayevuja damu, haijalishi damu ilianzaje, hutibiwa kwanza. Hapo si mahali pa mahubiri.

Oktoba 2012, huko Galway nchini Ayalandi, Savita Halappanavar, daktari wa meno kutoka India, alilazwa mimba yake ya wiki 17 ikiwa inaharibika. Aliomba itolewe, akakataliwa kwa kuwa moyo wa kijusi ulikuwa bado unapiga. Mkunga mmoja akamweleza kwamba nchi ile ni ya Kikatoliki. Savita alifariki tarehe 28 Oktoba kwa sumu kuingia katika damu. Kwenye uchunguzi wa kifo chake mwaka uliofuata, mkunga alikiri kusema maneno hayo na akajutia. Sentensi hiyo moja ilizunguka dunia nzima. Tarehe 25 Mei 2018 Waayalandi walipiga kura, asilimia 66.4 wakakubali kuondoa katazo la utoaji mimba katika katiba yao, na picha ya Savita ilikuwa imechorwa ukutani jijini Dublin, watu wakibandika vikaratasi vya maombolezo kuizunguka.

Anayetaka kuandamana afuate utaratibu, si kwa woga, bali asije akampa mtu kisingizio cha kumzuia. Nchini Kenya, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mwandaaji ampe mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, ikitaja jina na anwani yake, tarehe, njia itakayopitwa, na muda ulio kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Ni taarifa, si ombi la kibali. Nakala yenye mhuri itunzwe. Watoto wasibebeshwe mabango ya maiti za vijusi. Yanaumiza wanaoyabeba kabla ya kumgusa mtazamaji.

Tanzania mambo ni tofauti. Vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu vina adhabu zile zile za miaka 14, 7 na 3, na kifungu cha 230 kinamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa uhai wa mama. Katiba inalinda maoni katika Ibara ya 18 na imani katika Ibara ya 19. Muumini wa Tanzania, basi, hana sheria kubwa ya kupigania ikazwe zaidi. Ana maswali mengine. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwaka 2017 katazo la kurudi lilitangazwa waziwazi na Rais wa wakati huo. Msichana wa kidato cha pili aliona milango miwili tu: atoe mimba kwa siri, au aage masomo. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi. Kila shehe na kila mchungaji anayechukia utoaji mimba alikuwa na sababu ya kulipigania jambo hilo kabla ya serikali kulifikia, na bado anayo sababu ya kufuatilia shule ya kata yake inawapokeaje mabinti hao.

Wale walio upande wa pili nao waambiwe. Anayetetea haki ya mwanamke kupata huduma asikimbilie polisi kila anaposikia mahubiri makali. Neno "chuki" lina maana yake katika sheria, nalo si jina la kila kauli isiyopendeza. Mahakama iliyomsikiliza mama wa JMM ni ile ile iliyowasikiliza wanasheria Wakristo waliompinga, na yeyote anayetaka mmoja wao afungiwe mlango leo ajue kwamba kesho funguo zitakuwa mkononi mwa mwingine.

Kabla ya hotuba ya Ijumaa au mahubiri ya Jumapili ijayo, kiongozi wa ibada azisome Ibara za 26, 31, 32 na 33 za Katiba ya Kenya. Hazichukui nusu saa. Kisha atafute mwanamke mmoja mwenye siri na busara katika waumini wake, amwombe akubali kupigiwa simu usiku na binti mwenye hofu, na namba hiyo aitangaze mwishoni mwa mahubiri.